Jina Lililobaki Mlangoni

Vijana, kompyuta ikikuambia kwamba ina kitu, usiikubalie papo hapo. Usiibishie pia. Iulize tena kwa njia nyingine. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya miaka yote niliyozunguka Kampala na begi begani, na ningeweza kuishia hapa. Lakini mmeniomba kurasa kadhaa kwa ajili ya darasa lenu la Namuwongo, na siku hizi nina muda mwingi kuliko maneno, kwa hiyo nitajitahidi.

Nianze na wale walioingia darasani juzi. Programu nyingi hazisimami zenyewe. Chini yake kuna programu nyingine inayozibeba, kama meza inavyobeba cherehani. Wenye fani huiita rantaimu. Mimi nimezoea kuiita jukwaa. Java ni jukwaa. Doti neti ni jukwaa. Kila jukwaa lina matoleo yake, na aliyeandika programu aliiandika akitarajia toleo fulani. Toleo hilo lisipokuwepo, programu haifunguki, na mara nyingi haikuelezi sababu. Mteja atakupigia akisema kompyuta yake imekufa. Haijakufa. Inamsubiri mtu ambaye hayupo nyumbani.

Mimi sikufundishwa haya chuoni. Nilikuwa karani wa stoo, ikaletwa kompyuta ambayo wenzangu wote waliikataa, ikawekwa kwenye meza yangu kwa sababu meza yangu ilikuwa karibu na soketi. Nikanunua vitabu vya mitumba, nikavisoma kwa kalamu mkononi. Vingine vilikosa kurasa za mwisho, ndiyo maana hata leo kuna mambo najua yanavyoanza lakini sijui yanavyokwisha.

Kitu ambacho vitabu havikuniambia ni kwamba kazi hii hufanywa watu wakiwa wameondoka. Ukifika ofisini, mwenye kompyuta anainuka, anakupa kiti chake, anasema, "Haya, kale, fundi, nakuachia," kisha anakwenda zake. Kiti bado kina joto. Unakaa kwenye joto la mtu usiyemjua, unatazama picha za watoto wake kwenye skrini, unamaliza, unafunga begi. Akirudi ana swali moja: "Imepona?" Nimekalia joto la watu wengi sana katika mji huu, na majina yao niliyajua kwa kuyasoma kwenye skrini tu.

Mke wangu alirudi kwao Lira zamani. Hatukugombana. Alisema mimi hujibu nikiulizwa tu, na yeye amechoka kuuliza. Niliyapima maneno yale kwa muda mrefu, nikaona yalikuwa sahihi.

Tuingie kazini. Kuna kosa ambalo wengi wenu mnalifanya, nimewaona. Mnafungua lile dirisha jeusi la amri, mnaandika amri ya kuuliza toleo la Java, kompyuta inajibu namba moja, mnaridhika. Sasa, mimi nilikulia katika kambi ya polisi, baba yangu akiwa konstebo. Kambini kwetu kina Otim walikuwa wengi. Ukisimama katikati ya uwanja ukaita "Otim!", anayeitika ni yule aliye karibu, si lazima awe yule aliyeazima sufuria ya mama yako. Na kuitika kwake hakumaanishi kwamba wengine hawapo. Kompyuta nayo ina folda inazozipitia kwa zamu ikitafuta jina uliloita. Java ya kwanza kukutwa ndiyo inayoitika. Nyingine mbili zimejikalia ndani ya diski, kimya, na huenda programu ya mteja inategemea mojawapo ya hizo zilizonyamaza. Kwa hiyo pita nyumba kwa nyumba. Tafuta kila mahali Java ilipo, ingia kwenye folda yake, uiulize ikiwa hapo hapo kwake.

Karani mmoja wa kike wa shule kule Kawempe aliniona nikifanya hivyo akashangaa.

"Ssebo, kompyuta imeshasema ni nane. Wewe unataka iape?"

"Ndiyo, nnyabo. Nataka iape."

"Kwa Biblia ama kwa Kurani?"

"Nitaanza na hii folda."

Tulizikuta Java tatu. Alicheka mpaka akafuta macho, akaleta chai, akaketi upande wa pili wa meza tukainywa. Naikumbuka ile chai kwa sababu ni mara chache sana nimekunywa chai na mteja akiwa ameketi.

Aliyenifundisha kupita nyumba kwa nyumba hakuwahi kugusa kompyuta maisha yake yote. Ni Sajenti Drani, mtu wa West Nile, jirani yetu kambini. Tulikaa katika unipoti, vile vibanda vya bati vya duara vinavyochemka mchana na kupiga kelele mvua ikinyesha. Kila mlango ulikuwa na jina la mwenye nyumba, limeandikwa kwa rangi. Lakini polisi huhamishwa, rangi haihamishwi. Familia inaondoka asubuhi, nyingine inaingia jioni, na jina la waliotangulia linabaki pale mpaka jua lilile. Siku moja baba alinituma kupeleka ujumbe, nikasimama mbele ya mlango nikilisoma jina, nikasita, maana halikuwa jina nililoambiwa. Sajenti akapita na ndoo ya maji.

"Wewe, mutoto ya Konstebo! Unasoma nini hapo?"

"Jina, afande."

"Hiyo jina ni ya mutu alienda Moroto zamani. Mulango haijui nani iko ndani. Gonga!"

Nikagonga. Akatoka mwanamke mwenye unga mikononi, na ndiye niliyekuwa namtafuta mumewe. Sajenti alikwenda zake akicheka, maji yakimwagika miguuni kwake. Sikujua kwamba siku ile nilikuwa nimefundishwa kazi.

Sasa shikeni hapa, maana hapa mafundi wengi hujikwaa. Ndani ya Windows kuna folda kubwa ambamo matoleo ya doti neti yana folda zake, kila moja na namba yake. Fundi anaifungua, anasoma namba, anatangaza: hili lipo, hili halipo. Anasoma milango. Folda ya nne ina namba ya 4.0. Lakini matoleo yaliyofuata, kuanzia 4.5 hadi 4.8, hayakujijengea nyumba mpya. Kila moja liliingia katika nyumba ileile likamtoa aliyekuwamo, na mlangoni pakabaki 4.0. Folda za matoleo ya zamani zaidi nazo zina mchezo wao: unaweza kuzikuta kwenye Windows mpya, zina faili mbili tatu ndani, na toleo lenyewe halijawashwa kamwe. Nyumba ipo. Vyombo vichache vipo. Mtu hakuna.

Kugonga ni kuingia kwenye rejistri, pale ambapo kompyuta inajiwekea habari zake za ndani. Kwa toleo la 3.5, tafuta neno Install. Ukikuta moja, yupo. Ukikuta sifuri, au usipokuta kitu chochote, hayupo, hata folda yake iwe imenona namna gani. Kwa wale wa nyumba ya nne, tafuta neno Release. Utapata namba ndefu. Usihangaike kutafuta namba ileile hasa kwenye jedwali. Tazama kama imefikia au imepita kiwango cha toleo unalotaka, kwa sababu Windows tofauti huandika namba zinazotofautiana kidogo kwa toleo lilelile. Na la mwisho, ambalo ningependa mlichore ukutani: aliye katika nyumba ya nne hapokei wageni wa 3.5. Mpya haimaanishi kwamba ya zamani imo ndani yake.

Mtaona umuhimu wake sasa hivi.

Sajenti alistaafu polisi, mkewe akafariki, watoto wakatawanyika, akawa askari wa geti katika shule moja huko Mengo. Mimi wakati huo nilikuwa nimempoteza. Unajua mji huu: mtu anaweza kuishi Kawempe, nawe ukaishi Kawempe, mkapitana miaka. Jumamosi moja nilikuwa nimeitwa na kliniki ndogo ya masikio. Muuguzi wa pale, Mama Neema, ni Mkongomani wa Bukavu, mwanamke mnene mwenye subira, na ndiye peke yake pale aliyejua kupanga vifaa vya kusikia. Vifaa vyenyewe vililetwa kama msaada miaka ya nyuma. Si kama miwani, kwamba unavaa ukaona. Kila kimoja huunganishwa na kompyuta kwa waya kikapangiwa sauti kulingana na sikio la mwenyewe. Bila kupangwa kinapiga filimbi tu.

Nilipoingia, mzee mmoja alikuwa ameketi kwenye benchi, mgongo umenyooka, kofia magotini. Nilimjua kwa mgongo.

"Afande," nikasema.

Hakugeuka. Nikasema tena. Nikazunguka nikasimama mbele yake, na uso wake ukafunguka.

"Mutoto ya Konstebo!" Alipiga kelele, kwa sababu hakujua kwamba anapiga kelele. "Umezeeka! Kichwa iko nyeupe!"

Nilimuuliza habari za nyumbani. Akatikisa kichwa akasema, "Ndiyo, ndiyo." Nikamuuliza kama amekula. "Ndiyo, ndiyo." Nikaelewa kwamba hiyo ndiyo mbinu yake, na kwamba ameitumia muda mrefu.

Mama Neema akanivuta kando.

"Kaka, karibu. Hii masini mupya inanitesa. Niko nafungua programu, inatokea, inapotea. Ni kama mutu anachungulia mulangoni, akiona wageni anakimbia."

"Waya?"

"Waya tulibadilisha! Kijana alikuya juzi, akaangalia, akasema majukwaa yote iko. Akanionesha mafolda yake. Akasema basi ni waya. Tukatafuta waya ingine. Bado."

Simlaumu kijana yule. Folda zilikuwepo, na kwa macho zilitosha.

"Na huyu mzee?" nikauliza.

"Kifaa chake kiliharibika, kikatengenezwa, kikarudi hakikumbuki kitu. Niko na vipimo vyake vyote, lakini bila programu nitavitia wapi? Na shule inafungua Jumatatu." Akashusha sauti, ingawa mzee mwenyewe asingesikia. "Mwalimu mukubwa alimwambia: ukirudi husikii, geti tunapatia mutu mwingine. Muhula uliopita gari ilipiga honi mpaka dereva akashuka akapiga geti na jiwe. Yeye alikuwa ameketi pale pale, anatazama upande ingine."

"Akikosa geti?"

"Anasema atarudi kwao. Nikamuuliza, kwenu uliacha nani? Akasema, kuko nyumba."

Nikaketi. Mama Neema hakuondoka. Alivuta stuli akakaa bega kwa bega nami, na Sajenti akaja akasimama nyuma yetu kama anakagua gwaride. Sikuwa nimezoea kufanya kazi nikitazamwa.

Nilifanya kama nilivyowaeleza. Kwanza nikatafuta programu yenyewe ilitaka nini. Programu nyingi za doti neti huwa na faili dogo pembeni linalotaja toleo linalotakiwa. Hili lilitaja 2.0, ambalo siku hizi huja ndani ya 3.5. Kisha nikafungua folda kubwa, nikaona alichokiona kijana: 2.0, 3.0, 3.5, 4.0, zote zimepangana vizuri. Kisha nikagonga. Nyumba ya nne ilijibu: 4.8, mzima kabisa. Kwa 3.5 hapakuwa na Install ya moja wala ya sifuri. Kimya.

"Hayupo," nikasema.

"Lakini folda iko!" Mama Neema akaigusa skrini kwa kidole. "Si hii?"

"Hiyo ni nyumba, Mama Neema."

Akanitazama, kisha akamtazama Sajenti.

Dawa yake ni kuliwasha toleo hilo, na Windows hulitafuta kwenye intaneti. Intaneti ya pale siku hiyo ilikuwa jina tu. Njia ya pili ni kulitoa kwenye flashi yenye Windows ya kusakinishia. Nilikuwa nayo moja, nikaichomeka, ikakataa. Kumbukeni hili: flashi lazima iwe ya Windows ileile iliyo kwenye mashine, ikiwa ya mwaka mwingine, itakataa, na ujumbe wake utakufanya ufikiri tatizo ni jingine. Flashi iliyofaa ilikuwa nyumbani Kawempe, na umeme wa kliniki ulikuwa ukienda na kurudi. Nikasimama.

Sajenti akaona nimesimama. Uso wake ukafungika, akarudi kuketi kwenye benchi. "Haya," akasema kwa ile sauti yake kubwa, bila hasira. "Asante. Kwenda salama."

"Narudi, afande."

"Ndiyo, ndiyo."

Hakuwa amesikia. Nikafikiria kumwandikia kwenye karatasi, lakini miwani yake haikuwa usoni. Basi nikalivua begi langu begani, nikamwekea magotini. Fundi haachi begi lake. Ndani kuna bisibisi zake, flashi zake, mkate wake. Alilitazama begi, akanitazama mimi, akaliwekea mikono yote miwili juu.

Boda boda alinipeleka na kunirudisha katikati ya msongamano wa mchana, akinung'unika njia nzima kwamba wazee tukiwa na haraka tunakuwa wabaya kuliko wanafunzi. Niliporudi Sajenti alikuwa palepale, mikono palepale. Mama Neema akasema alimletea chai akakataa kuipokea, kwa sababu ingebidi aliachie begi kwa mkono mmoja.

Flashi ya pili ilikubali. Nikagonga tena, kwa sababu kuona ujumbe wa "imekamilika" nako ni kusoma mlango. Install: moja. Tukaifungua programu. Ilichungulia, na safari hii haikukimbia.

Mama Neema akamwekea Sajenti kifaa chenye waya sikioni, akaanza kumpigia sauti nyembamba na nene, moja moja, akimwangalia usoni kama mtu anayemlisha mtoto. Mimi sikuwa na kazi tena. Nikafunga begi langu. Baadaye akachomoa waya, akaniambia, "Sasa, kaka, toka nje, funga mulango, umuite. Nataka kuona kama anasikia bila kuona mudomo."

Nikatoka nje nikaufunga mlango. Nilitakiwa kuita. Badala yake niligonga, kwa kidole kimoja, taratibu, kama unavyogonga usipokuwa na uhakika kwamba unatakiwa.

"Nani?"

Nikagonga tena, vilevile.

"Nani hapo? Gonga vizuri kama mutu!"

"Ni mimi, afande. Mtoto wa Konstebo."

"Sasa ingia! Ama bado unasoma mulango?"

Nilipoingia, Mama Neema alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa, na Sajenti alikuwa anatazama dari kwa chuki. "Hii feni," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, ya kawaida, ile niliyoijua zamani, "siku zote inapiga kelele hivi? Na nyinyi munavumilia?"

Jumatatu alikuwa getini. Nilipita kwa mbali, sikwenda kumsalimia, maana watoto walikuwa wengi na kila mmoja alikuwa anamwambia kitu. Alikuwa anawajibu, na majibu hayakuwa "ndiyo, ndiyo".

Tangu hapo kazi yetu imebadilika, na nyinyi mmeikuta imeshabadilika. Kompyuta zinajisasisha zenyewe. Kukiwa na tatizo, kijana aliyeketi mji mwingine anaingia kwa mbali, mshale unatembea wenyewe kwenye skrini, unamaliza, unatoka. Hakuna kiti cha kukalia. Hata majukwaa yamebadilika: programu nyingi siku hizi zinakuja zimebeba jukwaa lake mgongoni, hazimtegemei mtu mwingine. Ni njia bora. Nimeisoma, nimeijaribu, sina la kuipinga. Simu yangu ilipunguza kulia, kisha ikaacha. Sikustaafu kwa sherehe. Asubuhi moja sikubeba begi, na hakuna aliyeuliza liko wapi.

Miezi michache iliyopita simu ililia. Alikuwa Mama Neema.

"Kaka, Sajenti amepata kifaa kipya. Kinapangwa na simu tu, hakitaki hata waya. Ile programu ya zamani hakuna tena mutu juu yake. Na wakubwa wanasema ile toleo ya zamani ni hatari kuiacha wazi. Niifute?"

"Usiguse. Nakuja."

"Si uniambie tu kwa simu? Nibonyeze wapi?"

"Nakuja, Mama Neema."

Nikapiga pasi shati. Nikabeba begi.

Hapa pia kuna somo, na ndilo la mwisho. Kabla hujaondoa toleo la zamani, tafuta nani bado anaishi juu yake. Nimeona mmiliki wa kafe ya intaneti akifuta kila kilichokuwa cha zamani ili, kama alivyosema, mashine ipumue, na kesho yake hakuna printa wala hesabu iliyofunguka. Kwa hiyo nilipita programu moja moja kwenye mashine ya Mama Neema, nikisoma kila moja inataka nini. Nilikwenda polepole kuliko ilivyohitajika. Hakuna iliyoitaka 3.5. Nikaizima. Nikagonga kwenye rejistri: kimya. Folda yake ilibaki palepale na namba yake, kama nilivyojua itabaki.

Mama Neema alikuwa amekaa kwenye ile stuli yake.

"Kaka, hii ungeniambia kwa simu."

"Ndiyo."

"Ni kazi kidogo tu."

"Ndiyo."

"Basi ulikuya juu ya nini?"

Nilitafuta jibu sahihi. Mimi hupenda jibu liwe sahihi. "Nilikuja kuangalia kama kuna mtu," nikasema.

Hakucheka. Akainuka, akaenda kumwambia mgonjwa aliyekuwa akisubiri kwamba asubiri kidogo, akarudi na vikombe viwili, akaketi.

Kwa hiyo, vijana, haya ndiyo ninayoyajua. Mwalimu wenu ameniambia kwamba mmoja wenu alikuja kunitafuta wiki iliyopita akarudi akisema sipo. Nilikuwepo. Nakaa Kawempe, mizigo ya nyuma ya soko. Ndivyo tunavyoviita hivi vyumba vya kupanga. Changu ni cha mwisho. Mlangoni pameandikwa SALUNI YA NALONGO, kwa rangi ya bluu, kubwa, na picha ya mkasi. Huyo mama alihama kabla sijaingia, na mimi sikuwahi kuifuta rangi yake. Watu hufika, wakasoma, wakaondoka. Nikiwa ndani nawasikia: viatu vinasimama, vinasita, vinakwenda. Sajenti peke yake ndiye asiyesoma. Jumapili akipata nafasi hupiga mlango huo wa bati kama amekuja kukamata mtu, na majirani wote wanajua kwamba nina mgeni.

Mlango uko hivyo hivyo. Mkifika, gongeni.